Fukusi Chini ya Kitanda

Mtaalamu wa mbegu alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu bila viatu, na soksi zake hazikufanana. Moja nyeusi, moja ya buluu. Inspekta aliziona soksi kabla hajamtazama usoni, akajua huyu mtu alitolewa kitandani kwa makelele.

"Hujakamatwa," alimwambia. "Umehifadhiwa tu."

"Mlango una kufuli, mama."

"Kufuli ni la wale walioko nje."

Wale wa nje walikuwa wanasikika vizuri. Walianza asubuhi wakiwa wachache, sasa walijaa mpaka barabarani, na kila aliyefika alikuja na maneno yake. Juzi alfajiri, mtoto wa kiume wa mlinzi wa shamba la utafiti alifariki kwa kutapika na kukosa pumzi. Dada yake alikimbizwa hospitali. Kabla hata maiti haijaoshwa, mtaa mzima ulikwishajua sababu: mahindi ya mtaalamu, yale yanayoua wadudu. Kama yanaua mdudu, mtoto atapona vipi? Mkuu wa kituo alimwambia Inspekta wazi: ikifika jioni bila jibu, ama wamfungulie mtaalamu kesi ya mauaji, ama hao watu wakachome shamba na wote waliomo.

Inspekta akavuta kiti. Miguu ilikuwa imemvimba toka jana. Watu walimwita Mama Taratibu kwa sababu hakuwahi kuonekana akikimbia, na wengine walidhani ni busara. Ilikuwa ni miguu.

"Haya. Nieleze haya mahindi yako. Nieleze kama unamweleza mtu aliyechoka."

Mtaalamu akajifuta uso kwa kiganja. "Kuna bakteria wanaishi kwenye udongo. Vijidudu, huvioni kwa macho. Wana protini yao, kiwavi akiila inamtoboa tumbo, anaacha kula, anakufa. Kuna wakulima wananyunyizia bakteria hao mashambani toka zamani. Sisi tulichofanya, tumechukua yale maelekezo ya kuitengeneza hiyo protini, tukayaweka ndani ya mmea wenyewe. Sasa bungua, yule kiwavi wa mahindi, akitoboa bua, anakula kifo chake."

"Na mtu akila?"

"Tumbo la mtu si la kiwavi. Kiwavi ana mahali ambapo hiyo protini inashika. Wewe huna. Kwako inasagika kama maharage."

"Wewe umeshayala?"

Akasita. "Hapana. Yako kwenye majaribio, hayaruhusiwi kutoka shambani. Tukivuna tunapima, tunachoma, mpaka mabua. Sitakudanganya kwamba nimeyala."

Jibu hilo lilimpendeza Inspekta kuliko yote aliyoyasikia toka jana. Mwongo angesema anayala kila siku na familia yake.

"Basi yalifikaje kwenye sufuria ya mlinzi?"

"Hata mimi nauliza."

"Na mdudu yeyote akiyagusa anakufa?"

"Laiti ingekuwa hivyo!" Mtaalamu akacheka kicheko kikavu, kicheko cha mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi. "Ni bungua na viwavi wenzake tu. Panzi anakula anaondoka zake. Fukusi wa ghalani ndiyo kabisa, anakula, anashiba, anazaa, anakaribisha jamaa."

Inspekta akanyanyuka kwa kushika magoti. "Kaa hapa. Usisogelee dirisha."

---

Gari la polisi liliendeshwa na konstebo mmoja mwenye mvi, aliyekuwa anangojea kustaafu, na kila mtu alimwita Redio. Hazimiki.

"Afande, mimi nasema ni yule mzee jirani. Yule aliyeapa atawatilia sumu watoto wanaomwibia mapapai."

"Jana nimepoteza nusu siku naye, Redio. Amevunjika mguu. Yuko wodini toka wiki iliyopita, na kazi yake huko ni kuwatukana manesi."

"Basi ni mahindi."

"Endesha gari."

Daktari naye hakuwa amesaidia sana. Alisema ni sumu, na mapafu ya mtoto yalijaa maji. Sumu ya nini, hajui. Vipimo vimepelekwa makao makuu, na vitarudi lini, alisema, aulizwe Mungu.

Nyumbani kwa mlinzi ua ulijaa wanawake wamekaa chini. Mama wa marehemu alikuwa katikati yao, halii tena, ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa ndani kwa daktari. Pembeni yake alikaa wifi yake, dada wa mlinzi, amejifunga kitambaa kichwani kwa nguvu.

"Pole, mama," Inspekta akamwambia mfiwa. "Nitakusumbua kidogo tena."

"Nisumbue tu. Mmemkamata?"

"Binti yuko wapi? Nimeambiwa hospitali wamemruhusu."

Akajibu wifi. "Katoka asubuhi, anaendelea vizuri. Nimemlaza kwangu, hapo nyuma tu. Huku kelele, mtoto hawezi kupumzika." Akashika paji la uso. "Na mimi kichwa kinanipasuka toka nilipoamka. Nimetapika mara mbili. Kilio hiki kitatumaliza, afande."

"Pole," akasema Inspekta, akaingia ndani na Redio nyuma yake.

Chumba cha watoto kilikuwa kidogo, na joto lake lilikaa kama maji ndani ya pipa. Kitanda kimoja. Mkeka mmoja sakafuni. Dirisha moja, limefungwa, na mianya yote imezibwa kwa vitambaa vizuri kabisa, kazi ya mtu mwenye mkono safi. Jana Inspekta hakuingia humu. Jana kila mtu alikuwa jikoni akikusanya sufuria, mwiko na masalia ya ugali. Sahani ndiyo iliyokuwa inatafutwa. Chumba hakikuulizwa kitu.

Alipiga magoti, akatoa mguno, akamulika chini ya kitanda kwa tochi.

Palikuwa na alama ya kitu kizito kilichokaa muda mrefu, duara kubwa lisilo na vumbi. Punje kadhaa za mahindi. Na kuzunguka zile punje, weusi kama mbegu za papai zilizomwagika, fukusi. Wengi. Wamelala chali, miguu juu.

Karibu na ukuta palikuwa na mende wawili, nao wamekufa. Na mjusi.

Redio akachungulia juu ya bega lake. "Umeona! Mpaka mjusi! Hayo mahindi ni hatari, afande, nilikwambia mimi."

"Redio, mjusi anakula ugali?"

Redio akainama kumtazama mjusi vizuri.

"Na fukusi," akaendelea Inspekta polepole, akiwasogeza kwa ncha ya kalamu, "wanayala haya mahindi na kuzaa. Nimeambiwa hivyo leo na mtu asiye na faida ya kunidanganya. Angekuwa mwongo angejisifu yanaua kila mdudu, ndivyo wanavyojisifu wenye kuuza. Hawa fukusi wameuawa na kitu kingine. Na hicho kitu hakikuchagua. Kimeua fukusi, kimeua mende, kimeua mjusi aliyekuwa anajipitia ukutani."

"Kitu gani hicho?"

Inspekta alikuwa ameinamisha pua karibu na sakafu. Juu, wakati anaingia, hakusikia kitu ila joto. Huku chini kulikuwa na harufu hafifu, kama ya kitunguu saumu iliyochanganyika na samaki aliyechacha. Na pale kwenye lile duara, kwenye ufa wa saruji, palikuwa na unga wa kijivu, laini kama majivu ya sigara.

Alifungua dirisha. Vitambaa vikaanguka kimoja kimoja.

---

Alimwita mama kando, wakakaa kwenye kizingiti cha jiko.

"Usiku ule ugali alikula nani?"

"Tulikula wote."

"Sahani moja?"

"Watoto sahani moja. Mimi na baba yao sahani yetu. Sufuria moja."

"Nani alikula sana?"

"Baba yao aliongeza. Na binti, huyu binti anakula!" Kwa nukta moja sauti yake ikawa ya mama wa siku za kawaida. "Kaka yake yeye michezo tu. Matonge mawili, kakimbia. Nikamwambia utaamka na njaa."

"Kwa hiyo aliyekula kidogo ndiye aliyefariki. Aliyekula sana amepona."

Mama akamtazama. Hakuelewa bado.

"Kulala je? Kitanda ni kimoja."

"Wanapokezana. Siku hiyo kitanda ilikuwa zamu ya dada. Yeye akalala chini. Alilia, akasema mkeka una joto. Nikamwambia zamu ni zamu."

Inspekta akafunga macho kidogo, akayafungua. Sahani ilikuwa moja. Hewa zilikuwa mbili, ya juu na ya chini.

"Chini ya kitanda palikuwa na gunia. Liko wapi?"

Mama alifanya kosa la watu wasiozoea kuficha. Alimtazama mumewe.

Mlinzi alikuwa amesimama kwenye kona ya ua, kofia ya kazi mkononi, akiizungusha. Alipoona anatazamwa akaacha. Inspekta akamwendea, akampeleka nyuma ya nyumba, mahali pasipo na masikio.

"Mzee, sina nguvu ya kuzungushana na wewe. Ulikuwa unatoa mahindi shambani."

"Nani kasema?"

"Chini ya kitanda chako kumesema."

Mwanamume yule mkubwa akapukutika kama ukuta wa udongo ulionyeshewa. Akakaa chini kwenye matofali.

"Kidogo kidogo," akasema. "Kwenye koti, zamu ya usiku. Yanachomwa, afande! Mahindi mazuri, bua safi, halijatobolewa hata tundu moja, wanayatia moto mbele ya macho yangu, na mimi nyumbani watoto wanakula uji mwepesi. Nikasema wasichome yote." Akajipiga kifuani. "Mimi ndiye niliyemuua. Msimtafute mtu. Niliambiwa hayaruhusiwi, nikayaleta, nikamlisha mwanangu sumu."

"Mke wako alijua yametoka wapi?"

"Alijua. Nilijisifu kwake. Nikamwambia haya ni mahindi ya kisasa, mdudu hayagusi."

"Dawa gani uliweka kwenye gunia?"

Akainua kichwa, amekunja uso. "Dawa? Dawa ya nini? Ndiyo raha yake, hayataki dawa."

Alikuwa anasema kweli. Hakujua chochote. Inspekta akaiweka hiyo pembeni.

"Gunia liko wapi sasa?"

"Nililitoa siku ileile. Niliogopa mtalikuta, nifukuzwe kazi na kufungwa, na huyu mmoja aliyebaki alelewe na nani? Nililibeba wakati watu wako hospitali."

"Ulilipeleka wapi, mzee?"

"Kwa dada yangu. Hapo nyuma. Nimeliweka chumbani kwake, mwenyewe hata hajui lina nini."

Kitambaa kichwani. Kutapika mara mbili toka asubuhi. *Nimemlaza kwangu, huku kelele.*

Watu waliokuwa uani siku ile walisimulia baadaye kwamba walimwona Mama Taratibu akikimbia, na waliosikia hawakuamini. Alikimbia amekamata sketi kwa mkono mmoja, kiatu kimoja kikamvuka, hakukirudia. "Ufunguo!" alikuwa anapiga kelele. "Nani ana ufunguo wa nyumba ya wifi?" Wifi akaanza kujipapasa, kifuani, kiunoni, "Nilikuwa nao, nilikuwa nao hapa, jamani," na Redio hakungoja. Alipita katikati ya akina mama kama fahali na kuupiga mlango bega. Mara ya kwanza ukakataa. Mara ya pili ukaingia naye ndani.

"Usivute pumzi!" Inspekta akampigia kelele. "Mchukue utoke! Utoke!"

Redio akatokea amembeba msichana begani, miguu inaning'inia. Akamlaza uani. Uso wa mtoto ulikuwa na rangi ya majivu, na midomo imekauka. Inspekta akampigia goti, akamshika shavu.

"Binti. Binti yangu mdogo. Niangalie mimi."

Akamtikisa bega.

"Niangalie, mwanangu."

Mtoto akatapika. Akatapika kwenye sketi ya Inspekta, akavuta hewa kwa sauti, kisha akaanza kulia, kilio kikali chenye hasira cha mtoto aliyeamshwa vibaya, na hakuna aliyewahi kumshukuru mtoto kwa kulia kama walivyomshukuru pale.

"Hospitali," Inspekta akasema. "Vioo vya gari vyote chini. Waambie amevuta hewa ya vidonge vya kuhifadhia nafaka. Waambie hivyohivyo, Redio, usiongeze lako. Na huyu wifi mchukue naye, apimwe. Baba mtu pia aende, akae na mtoto."

"Ndiyo, afande," akasema Redio. Na hakuongeza lake.

Alisubiri nyumba ipate upepo, mlango na madirisha wazi, ndipo akaingia na leso puani. Gunia lilikuwa miguuni pa kitanda. Ndani ya mdomo wake, chini ya kamba, palikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa. Ndani ya gazeti unga wa kijivu, na kipande cha kidonge ambacho kilikuwa bado hakijamaliza kazi yake.

Akatoka nje, akampigia simu mkuu wa kituo.

"Mfungulie mtaalamu. Si mahindi yake. Ndiyo, nina hakika. Mpeni na viatu."

---

Aliporudi uani, kiatu chake mtu alikuwa amekiokota na kukiweka ukutani. Hakukivaa. Alikaa chini kando ya mama wa marehemu.

"Binti anapumua vizuri," akamwambia. "Analia mpaka mtaa wa pili wanamsikia."

Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si mahindi?"

"Si mahindi."

Inspekta alikuwa na maneno mengi aliyoyazoea ya wakati kama huo, na yote aliyaona hayafai. Alifungua kiganja, akamwonyesha kile kipande cha gazeti.

Mama alisogea kukitazama.

"Hii ni dawa ya mahindi," akasema. "Si ya watu."

"Ulinunua wapi?"

"Kwa yule wa sokoni anayeuza viberiti na sumu ya panya. Anakufungia kwenye gazeti. Akaniambia weka kimoja, funga mdomo wa gunia." Akainua vidole. "Niliweka vinne. Fukusi walikuwa wamejaa, wanatambaa mpaka kitandani kwa watoto. Nikataka wafe upesi, wasiwatambae wanangu."

"Baba yao hukumwambia."

"Ningemwambiaje? Alikuwa na furaha. Kila akirudi, mahindi yangu mdudu hayagusi, mahindi yangu mdudu hayagusi. Nikaona aibu kumwambia wameyajaa. Nikasema nitayatibu mwenyewe kimyakimya, akute yako safi."

Wanawake waliokuwa karibu walisogea, wakanong'onezana. Habari ya vidonge ikasambaa kutoka kwao kama maji kwenye mkeka, mpaka uani kote.

Inspekta akainua kichwa. Alitaka kulala. Muuza vidonge angemfuata baada ya hapo, na mlinzi angekuwa na kesi ya mahindi ya kuibiwa, na mkuu wa kituo angetaka jina la kuandika mahali pa mtuhumiwa. Yote hayo yangesubiri. Kulikuwa na swali moja lisiloweza kusubiri, akaliuliza kwa sauti, kwa wote.

"Akina mama. Hivyo vidonge vinatoa hewa. Haionekani, inakaa chini, inaua aliyelala. Nani mwingine amenunua kwa huyo mtu, na gunia liko ndani ya nyumba wanayolala watoto?"

Walitazamana. Mmoja akajifunga vizuri nguo yake kiunoni, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni.

Kisha akanyanyuka. Hakuaga. Alitembea hatua chache, akaanza kukimbia. Mwingine akamfuata, na mwingine, na mzee mmoja aliyekuwa anaongoza nyimbo za msiba, na msichana mwenye mimba akishika tumbo kwa mikono miwili. Ndala zikabaki uani, na huko mitaani sauti zao zikawa zinaita majina ya watoto, kila mmoja la wake.

Ua ukabaki mtupu. Walibaki wawili tu, Inspekta na mama.

"Nilifunga na dirisha," mama akasema. "Nikaziba kwa vitambaa. Kwa ajili ya mbu."

Inspekta akavua na kile kiatu cha pili, akakiweka kando, akasogea karibu mpaka mabega yao yakagusana.